Kaburi la Kavumu Lililomngoja Ntakwinja

Jamaa na majirani, sogeeni kidogo. Maisha ya Papa Adalbert Balagizi hayasomwi kwa kupaza sauti.

Alizaliwa Kavumu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa Papa Donatien. Babu yake, Ntakwinja, alichukuliwa mwaka 1921 kubeba mawe ya ngome ya Wabelgiji huko Bukavu. Aliondoka na mulinga, bangili ya shaba, mkononi. Hakurudi, na nyumbani matanga yake hayakufungwa kamwe.

Papa Adalbert alisoma shule ya msingi Kavumu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1981, kisha akafundisha historia Ibanda, mjini Bukavu, mpaka mvi zikamjaa. Wanafunzi walimtania: "Papa Ngome, leo tena mawe?" Naye: "Leo tena. Ikaa chini, kichwa yako njo jiwe ya kwanza."

Mwaka 1988 alimuoa Maman Anne-Marie, akampenda kwa upole hadi mwisho.

Mwaka 2023, watu wakichimba msingi wa etaji, jengo la ghorofa, huko Ibanda, ukuta wa ngome ulitokea. Watafiti wakamwita Papa awasaidie kuchekecha udongo. Chini ya ukuta walifikia mifupa ya watu, na kwenye mkono mmoja, mulinga. Papa hakulia. Alinawa, akapanda gari la Kavumu siku ileile, akachimba kaburi ndani ya shamba la migomba.

Dada yake mkubwa, Maman Euphrasie, alimkemea: "Adalbert, kwetu kaburi hailalake wazi! Kama mufu hayafika, lalisha mugomba ndani, ufunike. Kama hapana, shimo itajitafutia mutu."

Papa alimjibu dada yake: "Yaya, mugomba iko na jina? Tatá Ntakwinja iko njiani."

Aliporudi Bukavu Jumatatu, mwenye kiwanja alikuwa amekwisha kumwaga beto, zege nzito, juu ya ukuta na mifupa yote. Papa alipiga magoti, akaigusa. Ilikuwa imekauka.

Tangu hapo chakula hakikumpita kooni. Presha ikampoozesha upande mmoja. Kitandani alimuuliza mkewe kila jioni: "Shimo iko wazi bado?" Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mjane, Maman Anne-Marie, watoto Elysée, Carine na Gentil, wajukuu, na Maman Euphrasie, ambaye hajamkumbusha mtu neno lake.

Etaji imesimama. Leo hatukuchimba kaburi lingine. Papa Adalbert, lala pale ulipomtayarishia babu yako; hatuna tena wa kumngojea. Mungu akupe pumziko ambalo Ntakwinja hakulipata.