Nisomee, Usinielezee

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, shemeji yake, kaka wa mjane, niwasomee maisha ya marehemu, nami nimekubali nikijua kwamba angekuwa hai angetaka kukagua kwanza nilichoandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, kisha akasoma sekondari ya ufundi hadi 1987, ambako alifukuzwa juma zima kwa kufungua redio ya mwalimu mkuu, akarudishwa ilipogundulika kwamba hakuna mwingine wa kuifunga.

Aliajiriwa hospitalini tarehe 2 Juni 1991 kama fundi umeme, na kompyuta zilipoletwa akakabidhiwa mashine kuu, inayotunza majibu ya maabara na kumbukumbu za damu. Alimwoa dada yangu tarehe 8 Agosti 1998, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na miaka yote hiyo nilimtania kwamba ana wake wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa waya, naye akinijibu kwamba afadhali wa waya, hana kaka.

Tarehe 11 mwezi uliopita aliiwekea mashine ile kadi mpya ya mtandao, akaiamsha kwa amri za mkono, ambazo hufutika mashine ikizimika, akisema ataziandika kwenye mipangilio kabla ya kutoka, lakini kifua kilichomsumbua tangu mwaka jana kikambana palepale, akatolewa ofisini kwa machela hadi wodini.

Siku chache baadaye umeme ulikatika, uliporudi mashine ikawaka katika hali ya uokoaji, ile inayoamsha machache tu ili fundi apate kutengeneza, mtandao ukakataa, na katika chumba cha upasuaji mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Damu ilikuwepo kwenye jokofu, ila ipi imepimwa na ni salama, hilo lilikuwa ndani ya mashine.

Mwenzake wa kitengo, dada aliyeketi pale mbele, akapiga simu wodini, nikaishika mimi kando ya kitanda cha marehemu, na dada yangu akashika barakoa ya oksijeni kwa hasira, kwa kuwa kila neno la mumewe lilimgharimu pumzi. Alipotaka kuninyang'anya simu, marehemu alimtazama akasema, "Yule mama naye ana mume."

Mwenzake alieleza kwamba labda kebo imekufa, labda azime awashe upya. Marehemu akamjibu, "Nisomee, usinielezee," neno alilotuchosha nalo sote, hata watoto walipoleta ripoti za shule. Mwenzake akasoma kilichokuwa kiooni, kwamba diski imefunguliwa kwa kusoma tu, yaani haikubali kubadilishwa kitu, akaongozwa kuifungua kwa kuandika pia, mtandao ukakataa tena, akasoma tena, kumbe mashine ilikuwa inatafuta kadi ya zamani.

"Kosa ni langu," akasema marehemu, "sikuandika."

Jina la kadi likabadilishwa kwenye mipangilio, mtandao ukaamka, marehemu akaagiza damu ya kumwongezea yule mama itolewe jokofuni kwanza, kisha mashine izimwe iwake yenyewe, maana kilichoamshwa kwa mkono hakukiamini tena. Tukangoja, dada yangu akimbania barakoa usoni, hadi mwenzake akasoma kwamba wodi zote zinaonekana. Mama yule alipona.

Majibu ya marehemu mwenyewe yalifika wodini jioni ile, kwa mtandao uleule, daktari akaja, akaanza kuzungukazunguka kwa maneno, naye akamwambia kwa upole, "Daktari, nisomee, usinielezee." Akamsomea, saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, dada yangu akalia, mimi nikatoka nje. Alifariki tarehe 3 mwezi huu, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake. Nilikuwa nimeandika mengi kueleza wema wake, mjane akayakata yote, akaniamuru nibakize kosa lake, kwa kuwa mwenyewe aliomba lisifichwe.

Shemeji, jana umeme ulikatika tena hospitalini, mashine ikawaka yenyewe, mtandao ukaamka bila kuguswa na mtu. Nakusomea tu, sikuelezei. Pumzika kwa amani.