Mama Sikio na Muziki wa Wasiojulikana

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya sura, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kitinda mimba wa fundi wa mabehewa. Alikuwa akiacha chakula mezani kila filimbi iliposikika mbali, ndipo bibi akamwita Sikio. Jina likamganda.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1974, akasomea ufundi mitambo. Mwaka 1979 aliajiriwa redioni, na baadaye akaachiwa kipindi cha Jumapili mchana kilichokosa mtangazaji. Humo alipiga muziki wa watu wasio na kampuni wala jina: wapiga zeze, wapuliza filimbi, na baadaye vijana waliotengeneza midundo kwa kompyuta vyumbani mwao. Mkuu wake alilalamika kwamba wasikilizaji wanataka wanaowajua. Mama alimjibu kwa upole kuwa hata hao walianza bila kujulikana. Kipindi kiliendelea hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1982 dereva mmoja wa lori alileta kanda ya zeze alilopiga mwenyewe. Mama aliirusha mara tatu mfululizo, akapata barua ya onyo, na mwaka uliofuata akapata posa ya dereva huyo. Lakini safari zilimmeza baba, na zeze likabaki limetundikwa. Mama hakuchoka kumwomba alipige tena.

"Nikistaafu nitakupigia mpaka unifukuze," baba alikuwa akisema.

Ajali ilimchukua mwaka 1999. Tangu hapo mama alifungua kila kanda mpya kama mtu anayesubiri hodi.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Hata wodini aliomba aletewe kazi za wanamuziki wapya. Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, alisikiliza kazi ya binti asiyemjua, kinanda cha umeme kitupu, bila maneno. Alifumba macho. Bintiye mkubwa akamuuliza kama inafanana na ya baba.

"Hapana," alisema. "Haifanani na ya mtu yeyote. Hebu irudie."

Alituaga Alhamisi asubuhi, akiwa amelala.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na wanamuziki wengi ambao hakuwahi kuwaona. Yule binti wa kinanda tulimpigia simu. Amekuja, ndiye aliyeketi pale nyuma.

Pumzika kwa amani, mama. Tunasikiliza.