Bi Justa Masele na Ugomvi wa Alindi

Tarehe 30 Juni 1997, Bi Justa Masele anastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kiwanda cha Nguo cha Ziwani kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno machache ya kumuaga, na imenikumbusha mara mbili kwamba yawe ya furaha. Nitajitahidi. Siku hizi hapa kiwandani furaha na wasiwasi vinakaa benchi moja, na ukimwita mmoja wanainuka wote.

Bi Justa, ambaye wengi tunamwita Mama Kija kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alizaliwa Kisesa mwaka 1942 kwa wakulima wa pamba. Husema kwamba alichuma pamba miaka mingi kabla ya kujua kuwa ndiyo nguo. Pamba iliondoka nyumbani kwao ndani ya magunia, nguo zikaja kutoka dukani, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu. Alipoajiriwa hapa mwaka 1968 na kuona uzi ukiingia mashine upande huu na kitambaa kikitokea upande ule, alisimama akitazama hadi msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Alianza kama mfumaji. Wakati wa mapumziko alikuwa akichora mistari na maua kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi, na wafagiaji wakalalamika. Malalamiko yakafika kwa meneja wa wakati ule, akaja kuiona hiyo sakafu, na badala ya kumpa onyo akamhamishia chumba cha michoro. Mwaka 1983 akawa mkuu wa chumba hicho. Wafagiaji wanasema wao ndio waliompandisha cheo.

Wasiomjua wamjue kwa kisa cha khanga. Tulichapa khanga yenye maneno "Subira huvuta heri", nayo ikatoka "Subila huvuta heli". Majora yalikuwa yameshafika Magu. Ofisi nzima ilihaha, simu zikapigwa, kila mtu akimtafuta aliyeandika. Mama Kija akasema maandishi yamepita mikononi mwake, kwa hiyo kosa ni la chumba chake, basi. Wiki iliyofuata wenye maduka wa Magu waliagiza nyingine, wakasisitiza iwe ile ile ya "heli", maana wateja walisema hiyo ndiyo inayotamkwa sawasawa.

Lakini kisa ambacho nimeitwa kukisema, hata kama kamati haikukitaja, ni cha alindi.

Mwaka 1995 ulitukuta vibaya. Mitumba ilikuwa imejaa masokoni, na shati la Ulaya liliuzwa kwa bei ambayo sisi tusingeweza kununulia vifungo vyake. Kumbi mbili zilikuwa zimefungwa. Wenzetu walipewa likizo, na likizo zile hazikuwa na tarehe ya kurudi. Serikali ilishatangaza kwamba viwanda kama chetu vitauzwa. Kila asubuhi tulipita kwenye ubao wa matangazo kwanza, kisha ndipo tukasalimiana.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Warsame Jama. Ni mfanyabiashara wa hapa hapa Mwanza, Msomali ambaye babu yake alikuja kununua ng'ombe Usukumani enzi za Mwingereza. Yeye mwenyewe anaongea Kisukuma cha kutaniana sokoni. Alileta kipande cha kitambaa chenye mistari myekundu na ya manjano, akaeleza kwamba ni alindi, kitambaa ambacho wanawake wa Kisomali hujifunga fundo begani na kujizungushia kiunoni. Tangu vita vilipovunja Mogadishu, Wasomali walikuwa wametawanyika kila mahali, na kila palipo na arusi wanawake walikitafuta wasikipate. Alitaka tumfumie, kingi, mwaka mzima. Meneja wetu, Bwana Nestory Chenge, alimsindikiza hadi kwenye gari akiwa amemshika mkono.

Kulikuwa na sharti moja. Mchoro usajiliwe kuwa mali ya Bwana Warsame, pindoni paandikwe "Vazi asilia la Wasomali" pamoja na jina lake, na mtu mwingine yeyote asiruhusiwe kukifuma. Ili hilo liwezekane, mkuu wa chumba cha michoro alitakiwa kutia sahihi kwamba mchoro umebuniwa Ziwani kwa agizo la Bwana Warsame. Mkuu huyo ni Mama Kija. Akaomba muda wa kufikiri.

Habari haikai ndani ya ukuta. Siku chache baadaye alifika getini mama mmoja mtu mzima, Bi Batulo Shego, mkimbizi kutoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia, aliyekuwa akiishi Kirumba kwa jamaa zake. Alikuwa amejifunga alindi kuukuu, iliyopauka mabegani. Mama Kija alimpokea, akamwamkia, akampa kiti chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeleta sampuli za rangi, nikabaki. Kiswahili cha Bi Batulo kilikuwa cha kwao Barawa, kinafanana na chetu lakini kinapita njia nyingine, kwa hiyo sote tulinyamaza ili tumsikie.

"Mwanangu, nimesikia mnafuma kitambaa cha Wasomali," alisema. "Baba yangu alikuwa mfumaji. Kaka zangu wafumaji. Walikaa kwenye shimo la kufumia, nyuzi za mtande miguuni, tangu alfajiri. Wenye ngamia walipopita walitucheka, walisema kufuma ni kazi ya watu duni, na binti zao hawakuolewa kwetu. Leo sisi tumekimbia, kaka zangu wamekufa, na nguo imekuwa yao?"

Mama Kija alimuuliza, "Mama, unataka tusiifume?"

"Ifumeni. Watu wavae. Lakini msiandike kwamba mimi nikiifuma ni mwizi."

Kuanzia siku ile kiwanda kizima kiligeuka baraza. Mhasibu mmoja alisema amesoma kwamba mavazi ya fundo begani yanavaliwa na Wahabeshi pia, na wao wanasema ni yao. Mwenye duka wa Kihindi anayetuletea rangi alisema mistari ile ilikuja na vitambaa vya kwao, merikebu na merikebu. Ngosha, fundi wetu wa mitambo, aliweka spana chini akasema, "Bibi yangu Misungwi alivaa lubega, fundo begani hivi hivi. Na uzi wenyewe ni wa pamba ya Shinyanga. Basi ni vazi la Wasukuma, tumalize kazi." Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kila mtu alijua kwamba wakati tunabishana nani mwenye nguo, mashine zimesimama.

Bwana Chenge alimwita Mama Kija ofisini, mlango ukaachwa wazi, nadhani kwa makusudi.

"Bi Justa, hapa si mahakama ya mila. Tia sahihi. Watu wana watoto."

"Nina watoto na mimi, meneja."

"Basi unangoja nini?"

"Nimeambiwa niandike kwamba nimebuni. Sikubuni. Aliyebuni simjui, na wanaodai kumjua hawakubaliani. Nitaandikaje?"

Alitoka hapo akiwa mtulivu usoni, ila nilimwona akishindwa kufungua mfuniko wa chupa yake ya chai, nikamfungulia. Wiki ile baadhi ya watu walianza kupita mbali naye. Mama mmoja wa ukumbi wa kusokota alimwambia waziwazi kwamba mwanawe akifukuzwa shule kwa kukosa karo atajua nani wa kumshukuru. Mama Kija alirudi mezani, akakaa akitazama kile kipande cha alindi kana kwamba kitasema.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuagizwa na mtu. Alivaa vizuri, akaenda nyumbani kwa Bwana Warsame. Aliniomba nimsindikize.

Tulikaribishwa vizuri, chai ya viungo ikaja. Bwana Warsame alidhani tumeleta sahihi. Mama Kija alipoeleza habari za Bi Batulo, uso wa mwenyeji wetu ulikunjamana.

"Wale wa pwani? Kila kitu ni chao! Bibi yangu alivaa nguo hii tangu huko kaskazini hadi hapa Mwanza. Amezikwa hapa hapa. Nani ataniambia si yangu?"

"Si mimi," alisema Mama Kija. "Nauliza kitu kimoja tu, kaka yangu. Yule mama akifuma kipande pale Kirumba, amvike mjukuu wake arusini, utampeleka polisi?"

Bwana Warsame alizungusha kikombe kwenye kisahani. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Dada Justa, mimi nimezaliwa mjini hapa. Kila mwaka anakuja mtu dukani kuniuliza karatasi za uraia. Naitwa Msomali. Halafu hawa waliokuja na vita, nikiwasalimu kwa Kisomali changu wanacheka, wananiita Mswahili. Nilitaka kitu kimoja, kimoja tu, kiandikwe kwamba ni changu, nisiulizwe."

Sikuwa nimetegemea hilo, na naamini Mama Kija pia hakulitegemea. Akasema, "Kivae, na watoto wako wavae. Hakuna mwenye mashine ya kukuvua. Lakini ukiwafungia wengine mlango, watakuuliza karatasi na wewe pia, za hicho kitambaa."

Bwana Warsame alitusindikiza hadi nje kwa heshima, akafunga geti.

Siku zilizofuata sitaki kuzirudia. Agizo halikuja. Ukumbi wa tatu ulizimwa mashine. Bwana Chenge alitangaza kwamba Bi Justa Masele anahamishiwa ghalani kusimamia majora, na chumba cha michoro kitakaimiwa na mwingine. Kwa lugha ya ofisi iliitwa "kuimarisha ghala". Alikusanya penseli zake, akazigawa kwa vijana wa chumba kile, akateremka ghalani. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na sote tulielewa kwamba hatapanda tena ile ngazi. Kila nilipompitia alikuwa ananiuliza swali lile lile: wamesema nini kuhusu ukumbi wa tatu? Hakuuliza kuhusu cheo chake hata mara moja.

Mvua za vuli zilipoanza, Bwana Warsame alirudi. Hakupanda ofisini kwanza, alikwenda ghalani. Niliambiwa na wapagazi kwamba alisimama mlangoni akasema, "Dada, nifumie. Bila jina langu." Agizo lilikuwa dogo kuliko lile la mwanzo, maana alisema bila haki ya peke yake hawezi kubeba hasara kubwa. Halikutosha kufungua kumbi zilizofungwa. Lilitosha kuwasha ukumbi wa tatu, na ukumbi wa tatu umewaka tangu hapo. Yule mama wa kusokota yumo, na mwanawe amemaliza kidato cha pili.

Pindoni paliandikwa maneno mawili, "Imefumwa Mwanza". Hayo, kwa bahati nzuri, hakuna anayeyabishia.

Sitawadanganya kwamba watu walikumbatiana. Siku majora ya kwanza yalipotoka, mke wa Bwana Warsame alikuja kuchukua mzigo, na Bi Batulo naye alikuja kununua dhiraa zake. Walikutana mlangoni mwa ghala wakaanza upya: fundo ni bega la kulia au la kushoto, mstari mpana ukae juu au chini, nani alimfundisha nani. Sauti zikapanda. Mama Kija aliwasikiliza wee, kisha akasema, "Bishaneni, mama zangu, mna haki. Ila msimame huku, mkokoteni upite." Wakasogea, wakaendelea. Nilipopita jioni Bi Batulo alikuwa anamfunga mke wa Warsame fundo kwa mikono yake, huku akimwambia kwamba amekosea.

Nikimtazama Mama Kija leo, sijui kama nimpongeze kwa khanga zaidi ya mia alizochora, kwa vijana aliowafundisha kushika penseli, au kwa sahihi moja ambayo hakuitia. Yeye mwenyewe nilipomuuliza angependa aandikwe nini, alisema niandike kwamba aliogopa sana. Nimeandika.

Wageni wanaotaka kukinunua kiwanda wamepita kila ukumbi mwezi huu. Wametazama mashine, wametazama paa, wametutazama sisi, na hawakusema lolote. Mama Kija anaondoka bila kujua nasi tutaondoka lini. Amesema hilo ndilo linalomnyima raha ya kustaafu, na nimemwomba atuachie sisi wasiwasi huo, kwa kuwa tuna uzoefu nao.

Kwa niaba ya chumba cha rangi, kumbi zote zinazofanya kazi na zile zilizonyamaza, tunakushukuru, Mama Kija. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, pamba isiyoliwa na funza, na wajukuu wanaotii. Na ukisikia hodi huko Kisesa siku yoyote, usiogope, fungua. Ni sisi. Kama tumekuja mikono mitupu, tumekuja kukusalimia. Kama tumebeba mizigo yetu yote, utupishe pa kukaa.

Teodora Kashindye,
Chumba cha Rangi