Mwalimu Aliyetaka Kuambiwa “Sijaelewa”

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea wasifu: marehemu mama yetu mdogo, Dokta Maeng Sun-ok, alizaliwa Namwon tarehe 14 Machi 1971, akasoma hukohuko hadi sekondari, kisha Jeonju, alikopata uzamivu wa takwimu mwaka 2003, na mwaka uleule akaajiriwa na chuo kikuu kwa mkataba wa mwaka mmojammoja, ambao hadi anaondoka haukugeuka kuwa wa kudumu.

Alifunga ndoa na Bwana Ok Chang-gil tarehe 9 Oktoba 1999, wakajaliwa binti mmoja, Da-hye, huyu aliyeshika picha.

Wanafunzi wake walikuwa hawaulizi kitu darasani, kwa kuogopa kukodolewa macho na wa miaka ya juu, hivyo mwaka 2016 marehemu akaomba vile vidude vya kubonyeza majibu, vinavyoonyesha idadi ukutani bila majina, akawaambia, “Bonyezeni ukweli, sitajua ni nani.” Siku ya kwanza karibu darasa zima likabonyeza “sijaelewa”, mmoja akapayuka, “Jamani, kumbe wajinga tuko wengi!” wakacheka, naye akafuta ubao, akaanza upya, na ndivyo alivyofundisha miaka yote iliyofuata.

Kumbe chuo kilikuwa kinazikusanya zile namba za vidude vya walimu wote. Desemba 2021 mkuu wa kitivo akamwita kikaoni, akamuuliza mbele za watu, “Mwalimu Maeng, kwa wenzako hakuna asiyeelewa, wa kwako tu ndio vichwa vigumu?” naye akajibu, “Wenzangu vidude wanavitumia kuchukua mahudhurio tu, hawajawauliza wanafunzi kama wameelewa.” Mkataba ukaishia hapo. Ukweli aliouomba mwenyewe ndio waliomfukuzia, na sisi hatujasamehe, wala leo hatutajifanya.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Jeonju, akafariki tarehe 6 Novemba 2023, Da-hye akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta uji wa mchele hata alipokuwa hawezi kuumeza, na wenzake wa kazini, wale wawili tu waliofika. Lile shada kubwa la maua lenye utepe wa chuo tumelipokea, tumeligeuzia ukutani.

Na ninyi wanafunzi wake mliojazana huko nyuma, hapa hatuna vidude, kwa hiyo yeyote ambaye hajaelewa kwa nini mwalimu huyu alifukuzwa, anyooshe mkono, tena wale wa miaka ya juu wamwone.

Mama mdogo, pumzika kwa amani, leo mikono tunaihesabu sisi.