Waliendesha Wiki Nzima

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya amelala, ila masikio yalikuwa kazini. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee alimuuliza mama aliyeketi naye kama likizo ilikuwa njema. "Njema sana. Baba watoto na wanangu waliendesha wiki nzima." "Hata watoto? Leseni wanazo?" "Matumbo, mzee wangu. Bwawa la kuogelea waliliona kupitia dirisha la choo."

Fundi aliuma mtandio asicheke.

"Maji mlichemsha?" mzee akauliza. "Baba watoto alisema maji ya hoteli ya nyota nne hayachemshwi. Nyota zote kazionea chooni." "Na wewe mke ukanyamaza?" "Yaani waharishe wao, mkosaji niwe mimi?"

Kabla mzee hajajibu, basi lilisimama kando ya kichaka. Dereva akashuka mbio, kashika tumbo.

"Tulieni, abiria," konda akasema. "Dereva anaendesha."