Mkono Uliomshika Fisi

Bwana Mkuu wa Wilaya, Chifu wetu, wachungaji, Mwenyekiti Omwenga na kamati yako ya josho, baba zangu na mama zangu wa Kiogoro: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmeniita nikate utepe wa josho hili jipya la kuogeshea ng'ombe, mimi Tryphosa Nyanchera, daktari wa mifugo. Mwenyekiti amenisifu hapa mpaka nikageuka kutazama kama kuna mwingine nyuma yangu. Nashukuru. Lakini nimekasirika, na siwezi kuificha hasira yangu nyuma ya shada hili la maua.

Mwaka wa 1966, nikiwa msichana wa shule kwa shangazi yangu Nairobi, nilijitolea kufagia vizimba katika bustani ya wanyama. Siku moja aliletwa mtoto wa fisi, mguu umevunjwa na mtego. Daktari akaniambia nimshike kichwa huku yeye akiufunga mguu. Yule mnyama alitetemeka, kisha akatulia mikononi mwangu, nami nikajua papo hapo kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka. Nilipokuja likizo hapa nyumbani niliwasimulia kwa furaha. Nanyi mlisikia nini? Mlisikia fisi tu. Mkasema anayemshika fisi ni mchawi, na jina hilo likanisubiri miaka yote niliyokuwa masomoni.

Mwaka jana ng'ombe wa Jemimah, yule mjane aliyeketi pale nyuma, alishindwa kuzaa. Ndama alikuwa amelala vibaya tumboni. Jemimah akatuma niitwe. Nilifika mbio na vifaa vyangu, nikamkuta shemeji yake amesimama langoni. Akaniambia, "Mkono uliomshika fisi hautaingia katika boma la ndugu yangu." Nilimsihi mpaka ng'ombe akanyamaza. Alikufa na ndama wake, na tangu siku hiyo watoto wa Jemimah wanaomba maziwa kwa majirani.

Shemeji huyo ni nani? Ni Mwenyekiti Omwenga, aliyenisalimu asubuhi hii kwa mikono miwili mbele ya wageni. Mkono huu, Mwenyekiti, ni ule ule. Au umetakasika kwa sababu Bwana Mkuu wa Wilaya anatazama?

Baba zangu, josho hili litaua kupe. Lakini ule uzushi ulionizuia langoni hauna dawa ya kuogeshea.

Kwa hiyo utepe sikati. Mkasi huu nampa Jemimah, mpisheni apite. Nawe Omwenga, simama umwambie mbele ya watu hawa: akipata ng'ombe mwingine, naye akatuma niitwe, lango litakuwa wazi?

Mimi nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa sote tumsikilize Mwenyekiti.