Bahasha Niliyoiombea Bila Kuifungua

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Wale wa nyuma, mnanisikia? Sauti yangu ni ndogo leo, mais nitajikaza. Mimi ni Mama Masika, nauza maharagwe karibu na parking ya magari ya Beni. Wengi wenu mnanidai salamu, kwa sababu kwa miezi karibu mitatu nilikuwa napita pembeni ili mtu asiniulize habari ya mwanangu. Leo nimekuja kuwaambia yote.

Mimi ni mjane mwenye watoto wawili, binti yangu Masika na mdogo wake Mumbere. Mumbere ana miaka kumi na minne. Alikuwa anajifunza kazi katika garage moja hapa Butembo. Siku moja ya mvua boss wake alitoka kidogo, naye akapanda moto ya mteja, pikipiki ile, eti ajaribu breki. Breki hazikuwa na shida, shida ilikuwa matope. Akateleza, akaingia kwenye meza ya mama mmoja muuza mayai. Mayai yakaisha yote na taa ya moto ikapasuka. Mwenye moto akasema ameibiwa. Mwanangu akalala cachot ya polisi siku mbili, halafu akafikishwa kwenye tribinali ya watoto, na wakamtuma Beni, katika nyumba ya vijana wenye kesi, angojee hukumu.

Mama wa mayai nilimpa debe la maharagwe, akaniambia yamekwisha. Taa ya moto, boss wa garage aliitengeneza. Nikaona mlima nimeshaupanda.

Siku ya hukumu, mwanangu akiwa bado kule Beni, jaji alisoma Kifaransa kwa haraka. Mimi nilisikia jina la mwanangu tu. Binti mmoja wa bureau ya tribinali akanipa bahasha iliyofungwa, yenye tampon, muhuri wao, juu, akaniambia niipeleke Beni. Sikufika hata kwenye ngazi. Katika korido alisimama mwanaume mwenye daftari, mmoja wa wale wanaobeba ma-dossier ya kesi pale.

“Mama, usipeleke kwanza,” akasema. “Kuko frais ya kulipia dossier, kuko frais ya tampon, na chakula yenye mutoto anakula kule. Ukifungua hiyo barua mbele ya kulipa, utamuongezea mutoto kosa.”

Nikamwamini. Ndugu zangu, mnatujua sisi watu wa huku. Mtu atakula majani ya sombe bila chumvi mwezi mzima, mais hakubali kutembea na deni. Kila Ijumaa nilienda na pesa kwenye ile korido, na yeye akaandika. Niliuza mbuzi. Niliuza vitenge viwili alivyoniachia marehemu. Nilimwambia Masika akae kwanza nyumbani, shule ingoje. Na deni halikupungua. Nikimaliza frais ya kufungua dossier, kunazaliwa frais ya kuifunga.

Sasa mtauliza, na mtoto ulikuwa unamwona? Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Hakuna aliyenikataza. Nilimtumia chakula kwa mtu wa moto, mara maharagwe, mara ndizi. Mimi mwenyewe sikwenda. Niliona haya. Nilijiambia, nitasimama mbele yake na mikono mitupu nimwambie nini? Nitakwenda siku ya kumchukua. Wiki zikapita hivyo, yeye kule, mimi hapa na haya yangu.

Ile bahasha niliiweka ndani ya Biblia. Kila Alhamisi nilikuja nayo kwenye maombi ya wamama. Mnajua wamama wa Alhamisi. Tunaweka mikono juu ya majibu ya hospitali, juu ya barua za wenye nyumba, juu ya karatasi za parcelle, viwanja vya watu. Hatusomi, tunaomba. Niliiweka bahasha katikati, tukaizunguka, tukalia, tukafunga, tukaamuru kila mlango ufunguke. Na Mama Pasta akaipaka mafuta. Mama Pasta wetu, Mungu ambariki, hana ubahili wa mafuta.

Alhamisi ya kumi na moja nilikuwa na homa, Masika akanisindikiza. Nilikuwa nimemficha ile barua siku zote, nisimwogopeshe. Siku hiyo mikono yangu ilikosa nguvu, nikamwambia aishike. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta hadi ndani, kama ile ya kufungia beignets, maandazi ya sokoni. Mwanga wa dirisha ulipoipiga, maandishi yakaonekana.

“Mama,” akaninong'oneza, “hii hapana deni.”

“Nyamaza, tunaomba.”

“Mama, angalia. Hapa banaandika sans frais. Ni bila kulipa kitu. Na hapa ni jina ya Mumbere, banasema arudie kwa mama yake. Na date ni ya siku ilee ya hukumu.”

Maombi yakakatika. Mama Pasta alisimama na chupa yake mkononi, akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akasema polepole, “Wamama, kumbe tuliombea jibu lenyewe wiki kumi na moja.”

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili.

Kesho yake tukaenda watu sita kumwona jaji. Alishika ile karatasi kwa ncha za vidole, maana mafuta yalikuwa bado yanatoka. Akasoma yote. “Mama, nani alikuambia ulipe?” akauliza. “Mutoto halipe kitu hapa. Hata franc moja.” Wakamwita yule wa daftari. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno makali njiani, mais nilipomsikia akisema hajalipwa mshahara miezi mingi, maneno yakaniishia. Sidanganyi kanisani: si yote. Wakamwondoa kwenye ile kazi, na pesa yangu anairudisha kidogo kidogo.

Lakini jaji naye alisema neno ambalo sitasahau. Alisema, “Mimi pia niko na kosa. Nasoma Kifaransa mbele ya bamama, banaitika oui, naona banasikia.” Tangu siku hiyo hukumu za watoto anazisoma pia kwa Kiswahili, na mlangoni kuna karatasi ya herufi kubwa: mtoto halipi kitu, na mzazi asomewe barua yake kabla ya kutoka. Nendeni muone.

Siku hiyo hiyo nilipanda moto kwenda Beni. Mumbere alitoka amekonda, shati limekuwa fupi mikononi. Hakunikimbilia. Alisimama mbali, akasema, “Nilizani ulishachoka na mimi.”

Kwetu mzazi hapigi magoti mbele ya mtoto wake. Mimi nilipiga, pale pale kwenye mchanga, nikamwomba msamaha. Akaona haya, akanivuta mkono. “Mama, simama, batu banaangalia.” Kurudi, alikaa nyuma yangu kwenye moto. Tulipofika upande wa Kalunguta nikasikia kichwa chake kimelala mgongoni mwangu. Nikamwambia dereva aende polepole. Nilitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Ndugu zangu, nilikuwa namlilia Mungu kwamba amekawia. Hakukawia. Alijibu siku ya kwanza, mimi nikabeba jibu lake kifuani na kulilia juu yake. Labda na wewe uliyekaa hapa unalipa kila wiki deni ambalo Bwana alishalifuta, na unaona haya kwenda kwake na mikono mitupu. Nenda hivyo hivyo. Mikono yangu ilikuwa mitupu, na mtoto wangu alikuwa anaingoja.

Na mwenye karatasi ya serikali aje Alhamisi. Masika amerudi shule, mais akitoka darasani anapitia hapa, anakaa kwenye meza ya mlangoni. Kwanza anasoma, halafu tunaomba. Mafuta yapo bado.

Asanteni kwa kunivumilia. Mumbere, mwanangu, simama kidogo wakuone. Basi, inatosha, usione haya. Kuja ukae hapa, karibu na mimi.